Usalama wa Mtaa: Polisi na Raia Wanadaiana Nini?

Maneno haya yalitolewa mjini Kalemie, jimbo la Tanganyika, kwenye ufunguzi wa semina ya siku mbili iliyowakusanya wakuu wa kata, maofisa wa polisi, wawakilishi wa akina mama, vijana, wamotari na viongozi wa dini. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.



Tunawashukuru kwa kuja. Tunajua kwamba kwa wengi wenu siku mbili za semina ni siku mbili bila soko, bila pikipiki na bila shamba. Kwa hiyo hatutapoteza muda wenu kwa maneno marefu ya salamu.

Tumeombwa tuzungumze juu ya polisi wa kisasa na uhusiano wao na raia. Mtu akisikia neno "kisasa" anafikiri mara moja juu ya magari mapya, redio za mawasiliano na sare zinazong'aa. Vitu hivyo vinasaidia, hatukatai. Lakini sisi tutaanza mahali pengine. Tutaanza na usiku mmoja.

Usiku ambao hatukupiga simu

Miaka michache iliyopita, katika kata moja ambayo hatutaitaja kwa sababu wafiwa bado wanaishi humo, kijana wa miaka 19 alikamatwa na wakaaji saa nne za usiku. Walisema ameonekana akitoka kwenye ua wa mama mmoja aliyekuwa ameibiwa simu na mfuko wa unga. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mwizi!" Filimbi zikalia, sufuria zikagongwa, watu wakatoka majumbani. Kabla ya saa tano kijana yule alikuwa amekufa kwa mawe na fimbo.

Siku tatu baadaye simu ile ilipatikana sokoni. Aliyeiuza alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kijana huyo alikuwa mtoto wa familia iliyokimbia vijijini mwaka 2017, wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba katika jimbo letu. Wengi wenu mliwapokea wakimbizi wale, na wengine mlikuwa miongoni mwao. Mnaelewa basi kilichofuata. Kulipopambazuka, watu wengine walianza kusema kwamba ameuawa kwa sababu ya kabila lake, na vijana wa upande wake wakaanza kukusanyika. Kitendo kilichoanza kwa simu moja na mfuko wa unga kilikaribia kuturudisha kwenye vita.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima tuliseme, hata kama linatuaibisha. Usiku ule mmoja wa wanakamati wetu wa amani alitupigia simu akitueleza kinachotokea. Tulikuwa na nambari ya komanda wa polisi wa eneo lile. Hatukumpigia. Tuliambizana, "Hata tukimwita hatakuja, na akija ataomba pesa ya petroli." Tukamwambia mwenzetu ajaribu kuwatuliza watu, kisha tukalala.

Hatuwezi kusema kwamba polisi wangefika kwa wakati. Tunachoweza kusema ni kwamba hatukuwapa nafasi ya kufika. Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha amani, tulikuwa na mawazo yaleyale ya watu walioshika mawe: kwamba polisi si mahali pa kutafuta msaada. Tangu siku ile tuliamua kwamba hatutazungumza tena juu ya amani ya mji bila kuzungumza juu ya polisi.

Tulisikia nini pande zote mbili

Baada ya mazishi tulifanya vikao vitatu. Kwanza tulikaa na wakaaji peke yao, halafu na polisi peke yao, mwishowe tukawaweka pamoja.

Wakaaji walitueleza hivi: "Wezi tumewapeleka polisi mara tatu. Tukirudi nyumbani, tunamkuta mwizi ametangulia." Watu walicheka, lakini haikuwa kicheko cha furaha. Mama mmoja muuza ndagala akasema: "Nilipoibiwa nilikwenda kushtaki. Wakaniomba pesa ya karatasi, nikatoa. Wakaniomba pesa ya usafiri ili waende kumkamata. Nikawaambia, mwizi ameniibia mara moja, ninyi mnataka iwe mara mbili."

Polisi nao walikuwa na maneno yao. Ofisa mmoja alisema: "Mnatuletea mtu amekwisha kuvunjwa mkono, mnasema ni mwizi. Tukiuliza nani alimwona, mnajibu 'sisi wote'. Tukiuliza nani atatoa ushahidi, hakuna anayebaki. Saa 48 zikiisha bila ushahidi, sheria inanilazimisha nimwachie. Nikimwachia, mnasema nimekula makuta." Mwenzake, askari wa cheo cha chini, alisema kwamba anapanga chumba katika kata ileile, kwamba mshahara wake hautoshi kulipa chumba hicho, na kwamba watoto wake wanafukuzwa shuleni kama watoto wa wengine wote.

Ndugu wapendwa, tulipolinganisha maneno hayo tuliona kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Wako watu wanaoachiwa kwa sababu ya makuta. Wako pia wanaoachiwa kwa sababu sheria inataka hivyo. Lakini anayetoka kwa sheria na anayetoka kwa makuta wanatoka kwenye mlango uleule, na raia aliyesimama nje hawezi kuwatofautisha, kwa maana hakuna anayemweleza. Mahali pasipo na maelezo, watu hujitengenezea maelezo yao wenyewe. Na baadaye hujitengenezea hukumu yao.

Tulikotoka

Hofu hii haikuanza jana. Wazee wetu walimwita mwenye serikali Bula Matari, yaani mvunja mawe. Jeshi lililoundwa mwaka 1885 chini ya mfalme Léopold II, Force Publique, lilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja. Soda wake hakutumwa kulinda mali ya mwanakijiji. Alitumwa kuhakikisha kwamba mpira unaletwa, baadaye kwamba kodi inalipwa, na fimbo ilikuwa chombo chake cha kazi. Alilinda serikali dhidi ya raia.

Baada ya uhuru majina yalibadilika mara nyingi. Mwaka 1972 polisi waliingizwa ndani ya Gendarmerie. Mwaka 1984 ikaundwa Garde Civile. Mwaka 1997 ikazaliwa Polisi ya Taifa ya Congo. Kisha vita vikaja, na baada ya mapatano ya mwaka 2002 watu wengi waliotoka kwenye makundi ya wapiganaji waliingizwa polisi, wengine bila kujifunza kazi hiyo hata kidogo. Mtu aliyezoea kumtazama raia kama adui hawezi kubadilika kwa kuvishwa sare nyingine tu.

Hatuwezi pia kunyamaza juu ya mambo yaliyotuumiza. Mwezi wa sita mwaka 2010, mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya alikutwa amekufa Kinshasa, baada ya kwenda kwenye makao makuu ya polisi alikokuwa na miadi. Dereva wake, Fidèle Bazana, alitoweka. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimtia hatiani ofisa wa polisi katika kesi hiyo. Wako kati yetu ambao tangu wakati ule hawaingii ofisi ya polisi bila kumwambia mtu wa nyumbani wanakokwenda. Maofisa mlio hapa, hatusemi haya ili kuwahukumu ninyi. Tunayasema ili mwelewe kwa nini mama akiitwa na polisi anatetemeka hata kama hana kosa.

Polisi wa kisasa ni polisi gani?

Tutazame kidogo wengine walipitia wapi.

Mwaka 1829 Robert Peel alianzisha polisi ya mji wa London. Waingereza wengi waliogopa: walidhani wataletewa jeshi mtaani. Kwa hiyo askari wale walivishwa koti la bluu, wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, na kwa kawaida hawakubeba bunduki. Wazo lililokua kutoka hapo ni hili: polisi anafanya kazi kwa ridhaa ya raia. Asipokubaliwa na watu, atahitaji nguvu nyingi zaidi kila siku, na hata hivyo atafaulu kidogo.

Karne iliyofuata, magari na redio vilifika. Huko Marekani polisi walitoka kwenye miguu wakaingia kwenye gari, wakizunguka mitaani na kungoja mwito. Mwaka 1972 na 1973, katika mji wa Kansas City, walifanya jaribio. Sehemu nyingine za mji waliziacha bila gari la doria la kawaida, nyingine wakaziacha kama zilivyokuwa, na nyingine wakaziongezea magari mara mbili hadi tatu. Matokeo yaliwashangaza: wizi na hofu ya watu havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Gari linalopita haraka haliwajui watu, wala watu hawamjui aliye ndani yake.

Ndipo mawazo mengine yakapata nguvu. Huko Japani askari hukaa katika vibanda vidogo vya mtaani vinavyoitwa koban, na huwatembelea wakaaji majumbani mwao. Mwaka 1979 mwalimu Herman Goldstein wa Marekani alishauri kwamba polisi asikimbilie tu tukio mojamoja, bali aulize kwa nini wizi uleule unarudi mahali palepale. Mwaka 1993 mji wa Chicago ulianza mikutano ya kila mara kati ya polisi na wakaaji wa kila eneo. Ng'ambo ya ziwa letu, ndugu zetu Watanzania wanajua majina ya polisi jamii na ulinzi shirikishi.

Lakini tusidanganyane. Chicago hiyohiyo yenye mikutano, mwaka 2014 askari wake alimpiga risasi kijana Laquan McDonald akamwua, na picha za video zilikaa zaidi ya mwaka mmoja kabla raia hawajaonyeshwa. Askari yule alitiwa hatiani mwaka 2018. Somo ni kwamba mikutano peke yake haitoshi. Polisi wa kisasa ana mambo mawili kwa pamoja: yuko karibu na watu, na anatoa hesabu kwa watu. Akiwa karibu bila kutoa hesabu, atakuwa mpelelezi tu mtaani kwetu. Akitoa hesabu huko mbali tusikomwona, hatutamwamini.

Sheria zetu zinasemaje?

Wakongomani wote wanaijua Ibara ya 15, ile ya mitaani, inayosema "jipangeni". Raia anaishi kwa hiyo, na polisi anaishi kwa hiyo. Wachache wanajua kwamba katika Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, Ibara ya 15 halisi inaiagiza serikali iondoe dhuluma za kijinsia. Na wachache zaidi wanazijua ibara ambazo zingewasaidia mlangoni pa kasho. Tunaomba muandike hizi tatu.

Ibara ya 17 inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu binafsi. Hakuna anayeweza kukamatwa kwa kosa la mwingine. Basi mama asikamatwe kwa sababu mtoto wake amekimbia, wala mke kwa ajili ya mume.

Ibara ya 18 inasema kwamba mtu anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au mtetezi wake. Hawezi kuwekwa na polisi zaidi ya saa 48: zikiisha, aachiwe huru au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kwa hiyo ofisa aliyesema sheria inamlazimisha, alisema kweli. Na ofisa anayemweka mtu siku sita akingoja familia ilete pesa, anavunja Katiba.

Ibara ya 183 inasema kwamba polisi ya taifa haina chama, iko kwa ajili ya kulitumikia taifa, na hakuna anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake mwenyewe.

Zaidi ya hapo, sheria ya tarehe 11 mwezi wa nane 2011 iliipanga upya polisi yetu, na mwaka 2013 amri ya Waziri Mkuu iliunda mabaraza ya mahali ya usalama wa karibu, yanayojulikana kwa herufi CLSP. Humo wakuu wa utawala, polisi na wawakilishi wa raia wanatakiwa kukaa meza moja. Polisi hao wa karibu na raia walijaribiwa kwanza katika miji kama Bukavu, Kananga na Matadi kwa msaada wa Uingereza. Karatasi basi tunazo. Kinachokosekana ni karatasi hizo kushuka hadi mtaani.

Kilichofanyika katika kata ile

Turudi kwenye kata tuliyoanza nayo. Katika kikao cha tatu watu walikubaliana mambo manne.

Kwanza, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya salongo, baraza linakaa kwenye uwanja wa shule. Komanda anasimama na kueleza: malalamiko mangapi yameingia, watu wangapi wamepelekwa parke, wangapi wameachiwa na kwa sababu gani. Hataji majina ya waliotendewa mabaya. Watu wanauliza, naye anajibu.

Pili, kwenye mlango wa polisi kuliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: "Kupokea malalamiko ni bure." Na mtu anayekubali kulipa faini mbele ya OPJ kwa kosa dogo anapaswa kupewa risiti, kwa maana pesa hiyo ni ya hazina ya serikali.

Tatu, wakaaji waliahidi kwamba anayekamatwa hatapigwa, na kwamba watu wawili walioona kwa macho yao watafuatana naye hadi polisi na kuacha majina yao.

Nne, walikubali kutafuta kwa nini wizi unarudi mahali palepale. Jambo hili ndilo lililotufundisha zaidi. Polisi walifikiri tatizo ni magenge ya usiku wa manane. Akina mama walisema hapana: wanaibiwa saa kumi za alfajiri, kwenye njia ya kwenda ziwani kununua ndagala, mahali ambapo majani yamekuwa marefu kupita kichwa. Saa hiyo hapakuwa na askari hata mmoja. Askari walikuwepo mchana, barabarani, wakiwasimamisha wamotari. Wakaaji wakakata majani wakati wa salongo. Akina mama wakaanza kwenda kwa vikundi. Komanda akawapanga askari wawili kutembea kwa miguu kwenye njia ile kuanzia saa tisa na nusu. Hakuna gari lililonunuliwa, wala hakuna mfadhili aliyeombwa. Akina mama wale wanasema kwamba sasa wanapita pale na pesa zao zinafika ziwani.

Tungependa kuishia hapo, lakini si haki kuwaletea mazuri tu. Komanda yule alihamishwa. Aliyekuja hakujua lolote juu ya mapatano, na kwa miezi kadhaa baraza halikukaa. Lilirudi siku akina mama watano walipokwenda ofisini kwake wakiwa na daftari la mikutano, wakamsomea mwezi kwa mwezi. Tulijifunza kwamba mapatano yasiwe na mtu, yawe na kiti chake, na yaandikwe.

Tena, kijana mmoja aliyemlalamikia askari mbele ya baraza, jioni yake aliletewa barua ya mwito, akalala kasho. Usiku huo tulikwenda pamoja na mkuu wa kata, tukiwa na Katiba mkononi. Asubuhi aliachiwa. Kwenye baraza lililofuata komanda aliomba msamaha mbele ya wote. Wengine walisema msamaha hautoshi, na hatukuweza kuwapinga. Lakini kijana yule alirudi, akakaa mstari wa mbele.

Na juu ya mauaji ya usiku ule, mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Wote walikuwepo, na hakuna aliyeona. Mama wa marehemu huja kwenye baraza mara nyingi. Hasemi kitu. Tunadhani uwepo wake ni swali, na kata ile bado haijalijibu.

Madeni yetu

Tukiuliza nani anamdai nani, tunaona kila upande una deni lake.

Raia tunadaiwa ushahidi. Hatuwezi kutaka mwizi afungwe, huku hakuna anayekubali kusema alichokiona. Tunadaiwa pia kuacha kuwaficha wezi walio watoto wetu, na kuacha kuwaua wale walio watoto wa wengine. Na tunadaiwa jambo linalotutia haya: msichana anapobakwa, familia nyingi humaliza kwa mbuzi na pesa. Sheria za mwezi wa saba 2006 hazimruhusu OPJ kulimaliza kosa hilo kwa faini. Basi sisi nyumbani tunapata wapi ruhusa ya kulimaliza kwa mbuzi?

Polisi mnadaiwa maelezo. Mkimwachia mtu, semeni kwa nini. Mkimkamata, semeni kwa nini. Mnadaiwa kumpokea maskini kama mnavyompokea tajiri, na kumkemea mwenzenu anapoomba pesa, badala ya kumfunika kwa kuwa ni wa sare moja nanyi. Tena waleteni askari wa kike mbele, kwa maana yako maneno ambayo mama hatayasema mbele ya mwanaume.

Serikali nayo inadaiwa, na tunaomba wakuu mlio hapa mfikishe ujumbe huu. Askari asiyelipwa vizuri na kwa wakati, asiye na nyumba wala karatasi ya kuandikia, ametumwa barabarani ajipange. Hilo si udhuru wa kuwanyang'anya raia. Lakini anayetaka polisi waache Ibara ya 15 ya mitaani, awape kwanza cha kuishi nacho.

Hata sisi wa mashirika tuna deni. Tumezoea kuwafundisha raia haki zao katika chumba kimoja, na polisi wajibu wao katika chumba kingine, kisha tunaandika ripoti mbili nzuri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu leo mmekaa mchanganyiko, na tumewaomba msihame viti.

Kwa kumaliza

Mtatuuliza: tutajuaje kama polisi wetu wamekuwa wa kisasa? Sisi tunapendekeza kipimo kimoja. Mfikirieni mama asiye na makuta mfukoni, asiye na ndugu mwenye cheo, ambaye mlango wake umevunjwa saa saba za usiku. Je, atakwenda polisi peke yake, bila kuogopa polisi zaidi ya mwizi? Siku atakapoweza kwenda, akapokelewa, akaandikiwa, akarudi nyumbani na pesa yake ileile aliyokuja nayo, siku hiyo tutakuwa nao, hata kama wanatembea kwa miguu.

Na mfikirieni pia kijana mgeni mtaani, aliyeonekana akitoka kwenye ua wa watu. Je, yuko hata mtu mmoja katika umati atakayesema, "Ngojeni, tumwite komanda"?

Kwa hiyo tuna ombi dogo kabla ya chai. Kila mkuu wa kata, kila mwakilishi wa wamotari na wa akina mama, amwendee ofisa wa eneo lake aliyeko humu ndani. Ajulishe jina lake, aulize jina la ofisa. Andikeni nambari za simu kwenye karatasi, si kwenye simu tu, kwa maana simu huibiwa na chaji huisha. Kisha, kabla ya kuondoka kesho, kila kata itatuambia baraza lake la kwanza litakaa tarehe gani na mahali gani, na nani atashika daftari.

Nambari ya komanda tulikuwa nayo usiku ule. Safari hii tusiwe nayo tu.